Kompyuta za mtumba, ramani za Mtumba

Mteja wa hosteli ya Iyumbu alifika ofisini saa nne asubuhi, kama tulivyokubaliana. Nikamkaribisha kiti, nikamwagizia soda, nikabofya faili. Dakika ya tatu kiduara bado kinazunguka. Dakika ya sita mzee wa watu akaanza kusoma vyeti vyetu ukutani, akavimaliza, akavirudia. Dakika ya kumi na moja modeli ikafunguka. Nikalizungusha jengo ili aone upande wa ngazi, kompyuta ikastaki palepale, nusu ya paa ikiwa imepotea. Akamalizia soda yake taratibu, akasema, "Injinia, hii ramani nitaiona leo au nirudi kesho?"

Sisi wabunifu majengo tumeshazoea kuitwa mainjinia. Siku hiyo sikuwa hata na nguvu ya kumsahihisha.

Ofisi yetu iko Dodoma, watu watano. Tangu serikali ihamie huku kazi hazijakauka: hosteli za wanafunzi, nyumba za kupangisha, nyumba za watumishi wanaokwenda kazini Mji wa Serikali kule Mtumba. Tunachora nyumba za watu wa Mtumba kwa kompyuta za mtumba, ndio utani wetu wa ofisini. Katikati ya 2024 tulikuwa na kompyuta nne za mezani, zile ndogo nyembamba za maofisini, prosesa (ubongo wa kompyuta) Core i5 za kizazi cha sita, RAM (kumbukumbu ya kazi iliyofunguliwa) GB 8, diski za kuzunguka. Ya tano ni laptopu yangu. Kwa AutoCAD, programu ya kuchora kwa mistari, zilikuwa zinatosha kabisa. Shida ilianza tulipohamia Revit, programu inayojenga jengo zima kama modeli ya 3D, na ikakomaa wateja walipoanza kutaka kuona picha za nyumba kama imeshajengwa, na taa zimewashwa, na gari limepaki uani.

Kulikuwa na malipo ya hatua ya pili ya mradi mmoja. Nikatenga milioni nne na nusu. Nikajisemea, wiki mbili tu hili jambo litakuwa limekwisha. Likachukua miezi mitano, na nikamaliza nikiwa na deni la kikoba.

Kosa la kwanza nililifanya kabla hata sijatoka Dodoma: nilikwenda kununua bila kujua ninaumwa wapi. Nilikuwa na jibu moja tu kichwani, kwamba kompyuta zetu "ni ndogo", kwa hiyo tunahitaji "kubwa". Treni ya SGR ilikuwa imeanza safari za Dodoma wiki chache nyuma, nikapanda asubuhi, mchana niko Kariakoo.

Muuzaji alikuwa mcheshi, anajua kazi yake. Nikamwambia nachora majengo. "Aa, dada'angu, wewe huhitaji kompyuta, unahitaji mtambo." Akanionyesha mashine nzito kama mfuko wa saruji, prosesa mbili za Xeon E5-2670 ndani yake, kila moja na kora nane, yaani vichwa vinane vya kufanya kazi. Kora 16! Ukifungua Task Manager, ukurasa wa Windows unaoonyesha kompyuta inavyofanya kazi, unaona viboksi 32, viwili kwa kila kora, vimejipanga kama madirisha ya ghorofa. RAM ilikuwa GB 32. Bei milioni mbili na laki tatu baada ya kuvutana. Kompyuta zetu za ofisini zina kora nne. Nikapiga hesabu ya shule ya msingi: kumi na sita gawanya kwa nne, kazi itakwenda mara nne.

Palepale duka la pili nikanunua RAM nne za GB 16, DDR4, kwa laki mbili na themanini zote, bei ya kutupa, za kuongeza kwenye zile kompyuta ndogo. Na jioni, kwa kijana mmoja aliyekuwa anauza vifaa kwa simu, nikachukua kadi ya picha (kifaa kinachoichorea kompyuta picha za kwenye kioo) ya GB 4 kwa laki mbili na sitini. Nilirudi kwa basi kwa sababu ya maboksi, mtambo ukalala kwenye buti. Nilijiona mjanja njia nzima.

Asubuhi tukauwasha. Ukapiga mlio, kioo cheusi. Kumbe RAM mbili zilikuwa zimechomoka njiani; ni mtikisiko wa kilomita zaidi ya mia nne. Tulizikandamiza vizuri kwenye sloti zake, ukawaka. Hilo ndilo lilikuwa dogo. Siku hizi kompyuta yenye kadi kubwa ya picha nikiisafirisha naichomoa kadi, naifunga kwenye kitambaa, naipakata mwenyewe kama mtoto.

Halafu tukafungua hosteli ya Iyumbu. Dakika saba. Nikabofya ukuta mmoja niusogeze: unasubiri, unasubiri, unasogea. Mwenzangu akajaribu ukuta uleule kwenye i5 yake ya zamani. Wake ukasogea kwanza.

Nilifungua Task Manager nikakaa kuiangalia. Viboksi 32, na 31 kati yake vimelala. Kimoja tu kilikuwa kimepanda hadi juu kabisa, kinahema peke yake. Matumizi ya prosesa kwa ujumla: asilimia 4. Hapo ndipo nilipoanza kusoma, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kukata tiketi. Sehemu kubwa ya kazi tunayofanya kwenye Revit siku nzima, kusogeza ukuta, kufungua mwonekano mpya, kuongeza dirisha, inafuatana: hatua ya pili haianzi mpaka ya kwanza iishe, kwa hiyo kora moja ndiyo inabeba mzigo. Kinachosaidia hapo ni kasi ya kora moja, zile GHz, na umri wa prosesa yenyewe. E5-2670 ilitoka 2012, mwendo wake wa kawaida ni GHz 2.6. I5 zetu ni za miaka mitatu baadaye na zinakimbia zaidi. Nilikuwa nimelipa milioni mbili na ushee kununua kundi la wazee kumi na sita kwa kazi ya kijana mmoja.

Kora nyingi zina kazi yake, nisiseme uongo. Ukirenda, yaani ukiigeuza modeli kuwa picha kamili, kwa programu inayotumia prosesa, kama V-Ray kwa mtindo wake wa zamani, kora zote zinaamka na picha inakwenda mbio. Tulipojaribu, UPS yetu (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ya VA 650 ililia mara tatu ikazima kila kitu. Prosesa kila moja inakula wati 115 ikikazwa, jumlisha kadi na kioo, UPS ya aina hiyo haibebi. Na LUKU nayo ilikuwa inatuangalia.

Zile RAM ndiyo aibu ninayoichukia zaidi, kwa sababu ilikuwa imeandikwa. Tulizipachika kwenye kompyuta ndogo, zikaingia kwenye sloti sawasawa kabisa, kompyuta ikapiga milio na kukataa kuwaka. Tukadhani mbovu. Hazikuwa mbovu. Zilikuwa RAM za seva. DDR4 ya seva na DDR4 ya kompyuta ya kawaida zina umbo moja na sloti moja, lakini hazikubaliani. Geuza ile stika nyeupe usome: baada ya PC4 na namba zake kuna kistari na herufi. Ikianza na R, ni ya seva. Ikianza na U, ni ya kawaida. Herufi moja. Nilimpigia muuzaji, akanijibu kwa upole mkubwa kwamba kwenye risiti imeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Imeandikwa kweli.

Na kadi ya picha? Ilifanya kazi, ila vibaya. Ukifungua Lumion, programu yetu ya picha za 3D, inaonyesha nyumba, inaganda, inazima. Wiki nzima tuliilaumu programu. Mpaka nilipompelekea kijana mmoja fundi kompyuta, ana fremu ndogo nyuma ya Soko la Majengo, akaweka programu ya bure inaitwa GPU-Z. Ikafunguka, na kwenye jina la kadi ikaandika FAKE. Fundi hakucheka, nilimshukuru kwa hilo. Akanieleza kwamba kuna watu wanachukua kadi ya zamani sana, wanaibadilishia maandishi ya ndani ili kompyuta iisome kama kadi mpya, wanaiweka kwenye boksi zuri. Namba ya yule kijana wa simu ilikuwa haipatikani. Laki mbili na sitini, kwaheri.

Hapo nilikuwa nimeshatumia 2,990,000 pamoja na nauli na kula, na mteja wa Iyumbu bado anasubiri kuona ngazi zake.

Fundi ndiye aliyenitoa. Nilimwambia, "Mdogo wangu, niambie ninunue nini." Akasema, "Dada, bado usinunue. Nipe siku mbili." Alibandika karatasi pembeni ya kila kioo. Kila kompyuta ikistaki, mtu anabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, anaandika saa, alikuwa anafanya nini, na namba tatu: prosesa asilimia ngapi, RAM imetumika kiasi gani, diski asilimia ngapi. Mambo ya daftari la zahanati. Wenzangu walinung'unika siku ya kwanza, siku ya pili wakaanza kushindana nani kastaki mara nyingi.

Karatasi zile zilisema jambo moja karibu zote: RAM 7.6 kati ya 8, diski asilimia 100. RAM ikijaa, kompyuta inaanza kutumia diski kama RAM, na diski ya kuzunguka kwa kazi hiyo ni sawa na kuchota maji kisimani kwa kijiko. Prosesa, ambayo ndiyo niliyoikimbilia Kariakoo, ilikuwa imekaa inasubiri. Autodesk wenyewe, kwa matoleo ya karibuni ya Revit, wanaandika kwamba GB 16 inatosha kwa modeli moja ya hadi takribani MB 100. Hosteli yetu ilikuwa MB 310 juu ya RAM GB 8. Ni ajabu ilikuwa inafunguka.

Basi tukafuata karatasi. SSD (diski za kasi zisizozunguka) nne za GB 480, laki moja na elfu tano kila moja. RAM tatu za GB 8, safari hii nimesoma herufi U mara mbili, elfu sitini kila moja. Kompyuta ya nne ni ya mkadiriaji wetu, yeye na Excel yake GB 8 haijawahi kumlalamikia. Laki sita tu kwa jumla. Kompyuta ya mwenzangu ikafungua hosteli kwa dakika nne kasorobo.

Ila kuna kitu kilichonigusa zaidi ya SSD, na hakikugharimu hata elfu kumi. Fundi alifungua zile kompyuta ndogo uani kwetu, akazipuliza. Vumbi la Dodoma mnalijua. Kwenye moja alitoa kitu kama mkeka, kimekaa kati ya feni na mapezi ya kupoozea, unaweza kukikunja. Akafuta ile krimu iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya kiasi cha punje ya mchele. Kabla ya hapo prosesa ilikuwa inafika nyuzi 97 ikifanya kazi. Baada ya hapo 71. Prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo kwa muda wote ule tulikuwa na kompyuta nzuri iliyovishwa blanketi. Kama una shilingi chache na unasoma haya, anzia hapo.

Na sehemu ya mzigo tulijitwisha wenyewe. Ile modeli ya MB 310, tulipoikagua, tuliona vitanda. Hosteli ina vitanda 96, na kijana wetu alikuwa amepakua kitanda kutoka mtandaoni, kizuri mno. Godoro lina mishono. Mto una mikunjo. Ukisogeza karibu unaona vichwa vya skrubu. Mara 96, kila ukizungusha jengo kompyuta inachora skrubu za vitanda ambavyo mkandarasi hata hatavinunua. Tukaweka kitanda cha boksi tupu. Tukafuta mchoro wa mpimaji ulioingizwa mzima na kata nzima ya viwanja ndani yake, tukaondoa aina za milango na madirisha tusizotumia kwa amri ya Purge Unused. Ikabaki MB 140. Dakika nne kasorobo zikawa mbili.

Kilichobaki ni picha za 3D. Hapo palihitaji kompyuta moja tu yenye nguvu, siyo tano. Anayerenda kwetu ni mmoja. Lumion na mwenzake Enscape zinategemea kadi ya picha, na ile iliyojengwa ndani ya prosesa haikupeleki mbali. Nilitaka nipachike kadi kwenye moja ya kompyuta ndogo, fundi akanizuia kwa futi kamba: kadi za kawaida hazisimami mle kwa urefu, na pawa saplai yake haifiki wati 200 wala haina waya wa kulisha kadi. Sloti peke yake inatoa wati 75, basi.

Hapa nikafanya kosa la mwisho, na nililifanya nikiwa nimeshaerevuka, ndiyo maana linaniuma. Nilikuwa na zile RAM za seva kwenye droo. Kila nikifungua droo naziona. Nikatafuta kompyuta itakayozikubali, nikapata HP Z440 yenye Xeon E5-1650 v3, prosesa moja, kora sita, GHz 3.5. Milioni moja na elfu hamsini. Nikaongeza kadi ya Quadro P2000 ya GB 5, ambayo wati zake 75 zinatoka kwenye sloti bila waya wa ziada, laki nne na thelathini. Mashine ni nzuri, hadi leo inafanya kazi, siisemi vibaya. Lakini kwa kuongeza kidogo ningepata Core i7 ya kizazi cha nane, yenye kora inayokimbia zaidi, na muhimu kuliko yote, inayokubali Windows 11. Hiyo Xeon ya 2014 haimo kwenye orodha ya Microsoft, i5 zetu za kizazi cha sita nazo hazimo, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Nilijua tarehe hiyo. RAM za laki mbili na themanini zilinichagulia kompyuta ya milioni, kwa sababu tu sikutaka kukubali kwamba pesa ile ilishakwenda.

Safari hiyo ya pili dukani, angalau, nilikwenda na flashi yenye faili letu wenyewe. Nilimwomba muuzaji nikae nusu saa. Akashangaa, akanipa stuli. Nilifungua hosteli, nikaizungusha, nikatazama joto likipanda, nikafungua CrystalDiskInfo nione diski imefanya kazi saa ngapi na afya yake, nikafungua kifuniko nihesabu sloti na waya. GPU-Z kwa kadi. Nikadai risiti ya EFD na waranti ya miezi mitatu kwa maandishi. Muuzaji anayejua mzigo wake hakasiriki. Duka la kwanza siku hiyo walikasirika, nikatoka.

UPS mbili za VA 1500 zilinila laki sita na arobaini, fundi laki moja na nusu kwa kazi zote. Jumla kuu ikawa 5,860,000 dhidi ya bajeti ya 4,500,000. Tofauti niliikopa kikoba, na akina mama wa kikoba hawaelewi habari za kora. Zile diski za zamani za kuzunguka tumezifanya za akiba: kila Ijumaa jioni faili zote zinanakiliwa, diski moja inakwenda nyumbani kwangu. Mtambo wa kora 16 upo kona, tunauwasha usiku wa kuamkia kuwasilisha kazi, unarenda peke yake huku ukiunguruma kama mashine ya kusaga.

Kuhusu programu zenyewe nitasema kwa ufupi kwa sababu watu hawapendi kulisikia. Miaka ya nyuma tulitumia Revit ya wizi. Ili kuiweka ulitakiwa uzime antivirusi kwanza, na siku moja kilichoingia mlangoni hakikuwa Revit peke yake; faili za wiki nzima zilifungwa, tukachora upya. Leo tunalipia Revit viti viwili, yaani leseni za watu wawili, wengine wanatumia AutoCAD LT, na Blender ni ya bure. Ada ya mwaka ya kiti kimoja cha Revit inazidi bei ya kompyuta yoyote tuliyonunua, kwa hiyo ukipanga bajeti ya mashine bila kuiweka hiyo, bado hujapanga.

Mteja wa Iyumbu alirudi. Safari hii soda haikufika nusu, tayari tulikuwa tunapanda ngazi zake. Akaniambia korido ni nyembamba, na alikuwa sahihi, ndani ya Revit tukaipanua mbele yake.

Juzi nimempokea binti wa mafunzo kwa vitendo kutoka chuoni. Siku ya pili akaniita kwa furaha, "Madam, nimepata sofa nzuri ya kuweka sebuleni." Nikamwuliza ina MB ngapi.